Usawa wa Kinoo

Kinyozi hajinyoi, wasema Waswahili, na maana ya mithali hiyo imekwisha elezwa mara nyingi: hapana mtu ajitoshaye, na hata fundi wa kazi huihitaji kazi yake kutoka kwa mkono wa mwingine. Lakini mithali hiyo yaacha nyuma swali moja ambalo kinyozi mwenyewe alilikuta kila asubuhi kabla mteja wa kwanza hajaketi. Kinyozi hunyoa kwa wembe. Wembe hunolewa kwa kinoo. Na kinoo je? Jiwe lile liwapalo wengine makali halina makali yake lenyewe, wala halionekani kuwa na haja yoyote isipokuwa maji kidogo na mahali pa kulala. Hudhaniwa kwamba kitu kinachokula chuma hakiliwi na chuma. Dhana hiyo si kweli, na katika makosa yaliyozaliwa nayo, lile la kidevu kilichokwaruzwa ndilo dogo kuliko yote.

Mtu asafiriye katika nchi ya Usukuma, kutoka mjini Shinyanga kwenda Kahama au kuelekea Geita, huiona miamba ya matale iliyojitokeza ardhini kama migongo ya ng'ombe waliolala. Juu ya baadhi ya miamba hiyo pana vishimo laini, vingine vya duara, vingine virefu mfano wa mtumbwi mdogo. Hivyo si kazi ya mvua. Ni mahali ambapo vizazi vya watu vilisaga nafaka na kunoa vyuma vyao. Wahunzi wa Kirongo, ambao zamani waliyeyusha chuma katika sehemu za Geita, walifua majembe yaliyowafikia Wasukuma na kutumika shambani na hata katika mahari. Na jembe lilipobutuka, mkulima alilisugua juu ya mwamba uliokuwa karibu, akaendelea na kazi. Mwamba ulipobonyea hapa, alihamia pale. Kwa jembe na shoka, jiwe lolote lenye ukali ni kinoo, na umbo la jiwe si neno la kuulizwa.

Wembe ni habari nyingine. Wembe mrefu wa kinyozi, ule wenye mpini wa kukunjwa, hulazwa juu ya kinoo kwa namna isiyofanana na kisu. Kisu huinuliwa kidogo, na mkono wa mwenye kunoa ndio unaoamua mwinamo wake. Wembe hulazwa chali kabisa, mgongo na ukingo vyote viwili vikiligusa jiwe kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwinamo hauamuliwi na mkono bali na unene wa mgongo wa wembe na usawa wa jiwe. Unywele wa binadamu ni mwembamba, lakini ukingo wa wembe ulionolewa vema ni kiasi cha sehemu moja ya mia ya unene wa unywele huo. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kuvumilia uongo katika jiwe. Panga husamehe, wembe hausamehi.

Na uongo wa jiwe hautoki nje. Unatoka katika kazi yenyewe. Mkono wa mtu, upende usipende, hupita katikati ya kinoo mara nyingi kuliko pembeni. Kila mpito huondoa chembe kidogo za chuma na chembe kidogo za jiwe. Na baada ya miezi kadhaa katikati pamekuwa bonde ambalo jicho halilioni. Hapo wembe ukilazwa, huligusa jiwe kwenye ncha na kwenye kisigino tu, na tumbo lake hubaki hewani. Kinyozi asiyejua sababu huona kwamba wembe wake haukati katikati, basi huongeza nguvu na huongeza mipito. Kwa kufanya hivyo huzila ncha mbili za wembe na kulizidisha bonde la jiwe kwa pamoja. Bidii yake yote inakwenda katika kuharibu. Atamlaumu mhunzi, atalaumu chuma cha siku hizi, atalaumu ndevu za mteja; jiwe hatalilaumu, kwa sababu jiwe ndilo analolitumia kupimia vingine, na si desturi ya mtu kukishuku kipimo chake.

Ubaya zaidi ni kwamba wembe na kinoo kibovu hupatana. Kadiri siku zinavyopita, wembe hupinda ukafuata bonde la jiwe, mpaka ukilazwa juu yake hukaa vizuri, hautikisiki, hautoi sauti mbaya. Mwenye kunoa husikia kwa vidole kwamba mambo ni sawa. Na kweli ni sawa, baina ya wawili hao. Wa tatu, ambaye ni ngozi ya mteja, ndiye hushuhudia kinyume.

Dawa ya jambo hili ni ya zamani na haina siri. Fundi huchukua kalamu ya risasi, akachora mistari ya kukatana juu ya uso wote wa kinoo, kama mtoto achoraye nyavu. Kisha hulisugua jiwe juu ya kitu kilicho sawa: kipande cha kioo kinene kilichobandikwa karatasi ya msasa, au jiwe jingine gumu, au bamba la chuma lililopakwa chembe za almasi. Huliloweka kwa maji, hulisugua kwa miduara na kwa kukatisha, kisha huliosha na kulitazama. Palipokuwa juu mistari imefutika; palipo na bonde mistari ingali ipo. Hurudia mpaka mstari wa mwisho utoweke. Baada ya hapo huzipunguza kingo za jiwe kidogo ili zisimege wembe, hulisafisha lisibaki na chembe nene zitakazoacha mikwaruzo, na kazi imekwisha. Mafundi wengine hungoja mpaka wembe uwalalamikie ndipo wafanye hivyo. Walio bora huchora mistari yao hata siku ambayo hawaoni kasoro yoyote.

Hapa nchi ya Shinyanga ina haki ya kutajwa kwa sababu nyingine. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aliligundua bomba la almasi la Mwadui, na tangu hapo jina la Shinyanga limesikika katika maduka ya vito ya dunia. Almasi ya waridi iliyopatikana huko mwaka 1947, yenye uzito wa karati 54 na nusu, alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake, ikachongwa na hatimaye kufanywa pambo la ua la kuvaliwa kifuani. Jiwe hilo lilipigwa picha mara nyingi. Lakini almasi nyingi za dunia hazina sura ya kuvaliwa. Ni chafu, ni ndogo, zina ufa, na hizo husagwa zikawa chembe za kukatia na kusawazishia vitu vigumu. Bamba la almasi ambalo fundi wa leo husugulia kinoo chake hutengenezwa kwa chembe za namna hiyo, siku hizi nyingi zikiwa zimetengenezwa viwandani. Mtu aweza kuuliza ni ipi kati ya almasi hizo mbili iliyofanya kazi yenye heshima zaidi, ile ya kifuani au ile ya vumbi; na jibu litategemea kama anayeulizwa amepata kunyolewa kwa wembe mbovu.

Basi katika kazi hii ndogo ya fundi mna jambo ambalo mtu asiyelitenda kwa mikono yake ni vigumu kulifikiri. Bonde la kinoo haliwezi kujazwa. Hapana udongo, wala gundi, wala rojo lolote litakalorudishwa pale lilipoondoka jiwe. Njia ni moja tu: kuzipunguza sehemu zilizo juu mpaka ziifikie ile iliyo chini. Yaani kingo za jiwe, ambazo hazikutumika sana, ambazo ni nzima, ambazo hazikumkosea mtu, ndizo zinazosuguliwa na kupotea. Ilhali bonde lenyewe haliguswi mpaka mwisho. Walio wazima hulipa deni la waliobonyea. Je, hiyo ni haki?

Swali hilo liliwahi kuulizwa huko huko Shinyanga, na halikuulizwa juu ya mawe. Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na mauaji mengi, na mengi ya hayo yalihusishwa na tuhuma za uchawi. Serikali iliamua kuyakomesha, na nia hiyo ilikuwa njema. Ni nani asiyetaka kikongwe alale usiku bila hofu ya panga? Polisi na maofisa wa usalama walitumwa, na katika mwaka 1976 watu wengi walikamatwa. Katika kuhojiwa kwao baadhi yao waliteswa, na wako waliokufa mikononi mwa wale waliotumwa kuzuia vifo. Chombo kilichopelekwa kuinyoosha nchi kilikuwa kimepinda chenyewe. Habari hizo zilipodhihirika, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977. Hakuwa amempiga mtu, wala hakuamuru mtu apigwe. Alikuwa mbali na vyumba vile. Hata hivyo polisi walikuwa chini ya wizara yake, na kwa sababu hiyo aliondoka katika kiti chake.

Wako waliosema, na wako wanaosema hata leo, kwamba kitendo kile kilikuwa cha adabu nzuri lakini hakikuwa cha haki. Hoja yao yastahili kusikilizwa kwa utulivu, maana si hoja ya wajinga. Adhabu, wanasema, humfuata mkosaji. Mtu akiadhibiwa kwa kosa la mwingine, mambo mawili mabaya hutokea pamoja: asiye na hatia huumia, na mwenye hatia hupata kivuli cha kujifichia, kwa kuwa watu wakishaona kiti kimoja kikubwa kimekuwa tupu hudhani kwamba hesabu imefungwa. Zaidi ya hayo, nchi hupoteza mtumishi mwema kwa ajili ya watumishi wabaya. Hoja hii ina nguvu, na mtu aitupaye upesi hajaielewa.

Walakini hoja hiyo imechanganya vitu viwili ambavyo kinoo huvitenga waziwazi. Ufa ni kitu kimoja, na bonde ni kitu kingine. Jiwe lenye ufa halisawazishwi. Hukatwa sehemu ile au hutupwa. Mtu aliyemtesa mfungwa mpaka akafa ni ufa, na mahali pake ni mahakamani, wala kujiuzulu kwa waziri yeyote hakuwezi kumfidia. Lakini baada ya ufa kuondolewa linabaki swali la uso mzima: imekuwaje chombo kikapinda kiasi hicho na mistari isionekane? Nani aliyekuwa na wajibu wa kuichora? Hapo haliulizwi jambo la hatia, bali jambo la dhamana. Hatia hutafuta mkono uliotenda. Dhamana hutafuta kimo. Aliye juu huulizwa kwa sababu yu juu, na kama hataki kupunguzwa kimo chake, basi uso hauwezi kuwa sawa kamwe, maana bonde, kama ilivyosemwa, halijazwi. Kingo za kinoo haziadhibiwi zinaposuguliwa. Zinatoa kile ambacho hakuna sehemu nyingine ya jiwe inayoweza kukitoa.

Na lipo jambo jingine ambalo wapinzani wa tendo lile hawakulitazamia. Mwinyi alipelekwa kuwa balozi nchini Misri, kisha akarudi katika serikali, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985, akatawala miaka kumi. Alipofariki mwezi wa Februari mwaka 2024 habari ya kujiuzulu kwake ilitajwa katika nchi nzima kama sehemu ya heshima yake. Si busara kulichukua hilo kuwa thibitisho, kwa kuwa kama asingalirudi kabisa katika madaraka, tendo lake lingalikuwa jema vilevile. Wema usiongojea malipo ndio wema. Linatajwa kwa sababu laonyesha kwamba kinoo kilichosuguliwa hakikufa. Wale waliofia katika vyumba vile hawakupata miaka ya nyongeza, na haifai kuwasahau kwa furaha ya kumsifu waziri.

Sasa lipo pingamizi zito kuliko hilo la kwanza, nalo ni la kifalsafa zaidi. Kama wembe hunolewa na kinoo, na kinoo husawazishwa na bamba, bamba nalo lasawazishwa na nini? Na hicho kitakachosawazisha bamba? Msururu huu hauna mwisho, asema mpingaji, na kwa kuwa hauna mwisho hauna mwanzo pia. Basi pasipo mwanzo wa usawa, mtu na atosheke na jiwe alilo nalo. Wengi husema maneno ya namna hii juu ya mahakama, juu ya polisi, juu ya walimu na wakaguzi wa walimu: kila mlinzi ahitaji mlinzi, kwa hiyo acha tu. Ni hoja ya uvivu iliyovaa joho la hekima.

Jibu lake limekwisha patikana katika karakana. Mwaka 1840 fundi wa Kiingereza Joseph Whitworth aliwaeleza wataalamu waliokutana mjini Glasgow namna ya kupata uso wa chuma ulio sawa kabisa bila ya kuwa na uso mwingine ulio sawa wa kuuigiza. Siri yake ni hesabu ya tatu. Mabamba mawili yakilinganishwa yenyewe kwa yenyewe hayathibitishi kitu, maana moja laweza kuwa na bonde na la pili likawa na kilima cha kiasi kile kile. Yatapatana barabara, na yote mawili yatakuwa yamepotoka. Lakini likiletwa la tatu, udanganyifu hauna pa kukaa. La tatu likilinganishwa na lile lenye bonde litakuwa na kilima. Kisha likikutanishwa na lile la pili, ambalo nalo lina kilima, vilima viwili vitasukumana, mabamba yatatikisika, na kosa litakuwa dhahiri. Yakizungushwa kwa zamu, la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, na kila mara palipo juu pakipunguzwa, hapana umbo ambalo matatu yote yaweza kupatana nalo isipokuwa usawa. Vinoo vitatu hufanya vivyo hivyo. Hakuna hata kimoja kilichoanza kikiwa sawa, na vyote vitatu humaliza vikiwa sawa.

Ni vigumu kupata habari katika ufundi yenye maana kubwa kuliko hii kwa mwenendo wa watu. Mapatano ya wawili si ushahidi wa haki. Katika vijiji vya Shinyanga na Geita maisha ya vikongwe wengi yamekatwa kwa mapatano ya wawili. Mtoto ameugua, au ng'ombe wamekufa; jamaa wanakwenda kwa mpiga ramli; mpiga ramli anatazama na kusema adui yu karibu, ni mwanamke, ni mzee, macho yake ni mekundu. Jamaa walikuwa tayari na shaka juu ya bibi fulani, na sasa shaka yao na ramli vimekaa pamoja bila kutikisika. Bonde limepata kilima chake. Na macho ya bibi yule ni mekundu kweli, kwa sababu miaka mingi amepika juu ya moto wa kuni na wa samadi ya ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha. Wa tatu angaliyasema hayo kwa neno moja: mganga wa zahanati, jirani asiye na ugomvi, hakimu, au bibi mwenyewe kama angaliulizwa. Hakuitwa. Waliopatana hawaoni haja ya wa tatu. Ndiyo sababu kuitwa kwake yapasa kuwe sheria wala si hiari.

Sungusungu nao ni mfano, ingawa ni mfano wenye pande mbili. Walianza katika sehemu za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wenye pinde na mishale waliochoka kuibiwa ng'ombe na kuona wezi wakirudi nyumbani kabla ya wenye mali. Hapana mtu wa haki awezaye kuwacheka. Wizi ulipungua, na mifugo ikalala zizini. Lakini katika baadhi ya vijiji chombo kile kile kiligeuka juu ya wanawake waliotuhumiwa uchawi, wakafukuzwa makwao. Na wako waliopigwa pasipo kusikilizwa. Bunge liliwatambua kwa sheria mwaka 1989. Kutambuliwa huko waweza kukuita kuwatukuza, na waweza kukuita kuwachorea mistari ya kalamu ya risasi. Maana chombo kisicho katika sheria hakina kitu cha kulinganishwa nacho. Kinolewacho hupata, ndivyo isemwavyo. Mithali haikusema hupata nini.

Yafaa hata hivyo kutozidisha. Kila kusawazisha hula jiwe, na fundi mwenye wasiwasi, ambaye kila saa huchora mistari na kusugua, atakimaliza kinoo chake bila kunoa wembe mmoja. Ziko ofisi za namna hiyo, ambazo tume hufuata tume na mageuzi hufuata mageuzi mpaka watumishi hawakumbuki kazi waliyoajiriwa kuifanya. Tena si kila jiwe hutaka jambo lile lile. Mwanamke wa Kisukuma aliyesaga mtama kwa jiwe alikuwa na taabu iliyo kinyume ya taabu ya kinyozi: jiwe lake liliharibika kwa kuwa laini mno, nafaka ikateleza juu yake bila kusagika, naye akachukua jiwe jingine gumu akaligonga-gonga uso wake mpaka likapata ukali tena. Kinyozi husawazisha, msagaji huparuza. Wote wawili wanafanya jambo moja, yaani wanakirudisha chombo katika kazi yake. Lakini mwenye kushika kanuni ya mmoja na kuipeleka kwa mwingine ataharibu unga na ndevu pia.

Katika Geita, mahali pa dhahabu, swali hili huulizwa kwa mizani. Mchimbaji mdogo aliyeshuka shimoni, akapandisha mawe, akayasagisha kwa karasha na kuyakamata madini kwa zebaki, mwisho wa taabu zake huja mbele ya sahani ndogo ya mzani wa mtu mwingine. Jasho lake lote liko juu ya sahani ile. Zamani mnunuzi alikuwa na mzani wake, naye mchimbaji alikuwa na macho yake tu, walikuwa wawili. Mwaka 2019 yalipofunguliwa masoko ya madini, na soko la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, alitiwa wa tatu katika habari hiyo, yaani ofisa wa serikali na mzani uliokaguliwa. Kama wa tatu huyo naye hulinganishwa na wengine kwa zamu, ndilo jambo la kutazamwa siku zote, na wachimbaji hulitazama kuliko mtu yeyote.

Wembe mrefu wenyewe umekaribia kutoweka. Nyembe nyepesi za kutumia na kutupa, ambazo Mmarekani King Gillette alipata hataza yake mwaka 1904, ziliingia mpaka vijijini. Kisha, baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu walifundishwa kuogopa wembe uliokwisha mgusa mwingine, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Siku hizi saluni za Shinyanga zinanguruma kwa mashine za umeme. Makali yakifa hutupwa, na kitu kitupwacho hakidai kinoo. Labda ndiyo sababu vijana wengi hawajui hata kwamba jiwe hubonyea.

Lakini na achukuliwe kinyozi mmoja wa zamani, yeyote yule, aliyekuwa akiketi chini ya mwembe karibu na sokoni na kiti chake kimoja na kioo chake kilichopasuka pembeni. Kinoo chake, alichokipata kikiwa na unene wa vidole vitatu, kimekuwa chembamba kama kipande cha mkate uliokauka. Akihofu kisivunjike, amekigandisha juu ya kipande cha mninga. Kijana anayejifunza kazi kwake anauliza kwa nini jiwe lililodumu miaka mingi namna hiyo limekwisha upesi hivi, na kama ni nyembe zilizolila. Mzee anajibu kwamba nyembe zimekula nusu, na nusu nyingine amelila yeye. Kisha anampa kijana kalamu ya risasi, anamwambia achore mistari kabla mteja hajaja, na kijana anainama, anachora kutoka ukingo hadi ukingo, akipitisha mkono polepole mahali pa katikati.